Bei ya Gari Hupangwa Nyumbani



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mengi juu ya fedha za nyumbani: ada za shule, akiba ya kikundi, matumizi ya sikukuu. Mwezi huu tunaomba tukae pamoja tuzungumzie kitu ambacho wengi huwaachia wanaume, nacho ni kununua gari. Kwa familia nyingi za mjini, ukiondoa kiwanja na nyumba, hakuna kitu kingine kinachotoa fedha nyingi mfukoni kwa siku moja kuliko gari. Hata hivyo mama anayeweza kuzunguka soko zima la Ilala kwa ajili ya tofauti ya shilingi 500 kwenye sado ya nyanya, siku ya kununua gari utamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mkoba mapajani, akisubiri kuambiwa imekuwaje.

Ukimuuliza atakujibu, “Mambo ya injini mimi siyajui.” Ni kweli, huenda hayajui. Lakini injini ni kazi ya fundi, na fundi hulipwa kwa kazi hiyo. Bei ni hesabu na ni mazungumzo, na hayo mawili mama huyafanya kila siku tangu asubuhi.

Wenzetu wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa makini, na walichokiona kinatuhusu. Mwaka 1995 watafiti wawili, Ian Ayres na Peter Siegelman, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Chicago. Waliwatuma watu kwa wauza magari mapya, wanaume kwa wanawake, weupe kwa weusi, wote wakiwa wamefundishwa kujadiliana bei kwa namna moja na kwa maneno yaleyale. Walifanya hivyo zaidi ya mara 300. Wanaume weupe walitajiwa bei ya chini kuliko wanawake, na kuliko watu weusi, kwa gari lilelile. Maneno yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni sura ya aliyeyasema.

Tungeishia hapo, tungekata tamaa. Lakini kuna uchunguzi mwingine wa huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2017 na Meghan Busse, Ayelet Israeli na Florian Zettelmeyer. Hawa walipiga simu kwenye gereji kuuliza gharama ya kubadili rejeta ya Toyota Camry. Mwanamke aliyesema kwamba hajui kazi hiyo hugharimu kiasi gani, alitajiwa bei kubwa kuliko mwanaume aliyesema hivyo hivyo. Lakini mpigaji alipotaja kiasi alichotarajia kulipa, na kiasi hicho kikawa ndicho cha kawaida sokoni, tofauti kati ya mwanamke na mwanaume iliondoka. Muuzaji alikuwa akimdhania mwanamke kuwa hajui. Alipoonekana anajua, dhana ile ikafa.

Basi kabla ya kuvaa viatu kwenda yadi, mama awe na namba kwenye daftari. Namba hiyo haitafutwi yadi. Hutafutwa nyumbani, mezani, jioni watoto wakiwa wamelala.

Hapa kwetu Tanzania, tunapomsikia jirani akisema amenunua gari jipya, mara nyingi ni gari jipya kwake: limetumika Japani, likapandishwa meli, likashushwa bandari ya Dar es Salaam. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani uko upande tunaoutaka. Tena serikali yao ina ukaguzi wa lazima wenye gharama kubwa, ambao gari dogo jipya hufanyiwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka, Mjapani wengi huona afadhali kuliuza kuliko kuendelea kulilipia. Ndiyo maana magari mazima kabisa yanatoka kule kwa bei inayovumilika. Tunalisema hili kwa sababu wauzaji wengine huzungumza kana kwamba gari lao limepatikana kwa muujiza. Yapo mengi yanayofanana nalo, na bei zake zinaonekana.

Zinaonekana wapi? Kampuni za Japani zinazouza magari nje hutangaza bei kwenye mtandao wa intaneti, kila mtu akaona. Kama wewe huna mazoea, mwambie kijana wako wa sekondari. Atakufungulia kwenye simu kabla chai haijapoa. Tafuta gari la aina ileile, mwaka uleule wa kutengenezwa, injini ya ukubwa uleule. Andika bei pamoja na nauli ya meli na bima ya safari mpaka Dar es Salaam, kisha ibadili kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo. Usichukue gari la bei ya chini kuliko yote kwenye orodha, maana hilo huwa na sababu yake. Chukua matatu ya katikati.

Halafu kodi. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Unaingiza aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinakupa jumla ya kodi. Mama anayetaka kuelewa kilichomo ndani ajue kwamba ushuru wa forodha ni 25% ya thamani, kisha kuna ushuru wa bidhaa ambao hutegemea ukubwa wa injini na umri wa gari, na mwisho kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ya 18%, ambayo hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru uliotangulia. Ni kodi juu ya kodi. Ndiyo maana gari kuukuu linaloonekana rahisi Japani linaweza kufika mkononi mwako kwa bei iliyo karibu sana na ya gari la miaka ya karibuni. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba TRA huwa na thamani yake yenyewe iliyoandikwa kwa kila aina ya gari, hivyo kodi haifuati lazima risiti ya mnunuzi.

Tufanye mfano, na tunasisitiza ni mfano tu, kwa sababu dola hupanda na kushuka. Tuseme gari dogo la familia linafika bandarini kwa shilingi 8,000,000. Kikokotoo kinasema kodi ni 6,300,000. Gharama za bandari, wakala wa forodha na kuwekwa namba, tuweke 1,200,000. Jumla ni 15,500,000. Unakwenda yadi, gari la namna hiyo limeandikiwa 19,500,000. Kati ya namba hizi mbili pana shilingi 4,000,000, na hizo ndizo zinazojadiliwa. Hakuna haja ya kugombana juu ya zile 15,500,000. Muuzaji amezilipa kweli, hata ukimlilia hawezi kuzirudisha.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Zile 4,000,000 si wizi. Mwenye yadi amefunga fedha zake kwenye gari hilo miezi kadhaa, analipa pango, mlinzi na vijana wa kuosha, na yeye ndiye aliyebeba hatari ya meli kuchelewa au gari kufika limevunjwa kioo. Wewe unalikuta limesimama, unaligusa, unasikia muungurumo wake, unaondoka nalo wiki hiyohiyo. Huduma hiyo ina bei yake. Bei ya haki ni ile inayomwachia faida inayoeleweka bila kumlipa kwa ajili ya wewe kutokujua. Kwa mfano wetu, mama akilipata kwa 17,000,000 na kidogo, tungesema amenunua vizuri, na muuzaji naye atapeleka chakula nyumbani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo gumu kuliko hesabu zote, yaani mazungumzo ya mume na mke. Tumeona ndoa zilizoingia ubaridi wa mwaka mzima kwa sababu ya gari, na si kwa sababu gari lilikuwa baya. Baba alitoka na fedha za gari dogo la kupeleka watoto shule, akarudi na gari kubwa la kupendeza, na fedha za ada ya muhula wa Januari zikawa zimebaki yadi. Ukichunguza, wala hakukusudia. Alifika, akalipenda, akaambiwa kuna mtu mwingine analijia saa kumi, akaogopa kulikosa. Mtu aliyekwisha kulipenda gari hajadiliani tena. Anaomba tu.

Kwa hiyo kabla ya kutoka, kaeni wawili muandike namba mbili. Ya kwanza ni fedha yote mliyonayo kwa shughuli hii. Ya pili ni kikomo cha bei ya gari lenyewe, nayo lazima iwe ndogo kuliko ya kwanza. Maana baada ya kununua kuna bima, kuna ada za kubadili umiliki, na kwa gari lililotumika kuna matairi, betri na huduma ya kwanza ya fundi ambayo haikwepeki. Familia yenye 19,000,000 isiende kutafuta gari la 19,000,000. Kisha mkubaliane nani atazungumza. Azungumze mmoja. Mwingine apewe kazi moja yenye heshima, ambayo ni kusema “Twende nyumbani tukafikiri,” na akishasema, wote wawili mnaondoka bila kubishana mbele ya watu. Uzoefu wetu ni kwamba kazi hiyo ya pili akina mama huifanya vizuri sana. Lakini kama mama ndiye mwenye ulimi wa biashara nyumbani humo, basi azungumze yeye, na baba ashike kazi ya kuondoka. Hakuna aibu ndani yake.

Na mama aliye peke yake, mjane au aliyeachwa, tusimsahau. Wengi hutuambia kwamba wanapokwenda na kaka au shemeji, muuzaji humgeukia mwanaume na kuzungumza naye yeye tu, ilhali fedha ni za mama. Usikasirike. Mwambie kaka yako mapema asitaje bei yoyote. Muuzaji atazungumza naye weee, na mwishoni atagundua kwamba hana jibu isipokuwa “Muulize dada.”

Mkifika yadi, msitaje fedha mliyonayo. Muuzaji hodari huuliza kwa upole, “Mama ana bajeti ya kiasi gani?” kana kwamba anataka kukusaidia. Hata muuza nyanya hujawahi kumwambia una shilingi ngapi kwenye kibindo. Jibu tu kwamba unaangalia magari kwanza, bei mtaongea mkifika huko. Ukiona bei imeandikwa kwa dola, dai ya shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza na kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Uliza gari limefika lini. Lililokaa yadi miezi mingi limekwisha kumchosha mwenyewe, na utalitambua hata kwa vumbi la chini ya vioo na betri inayohitaji kuchochewa ndipo liwake. Kwa gari kama hilo una nguvu zaidi.

Fundi aende nawe siku ya pili, si ya kwanza, na awe fundi wako, uliyemlipa wewe. Kuna mafundi wanaopewa asante na muuzaji gari likiuzika, na kuna madalali ambao kazi yao ni kupandisha bei ili wapate cha juu. Dalali si mtu mbaya kwa jina lake. Amekutembeza juani, anastahili malipo. Ila mkubaliane mapema atalipwa na nani na kiasi gani, la sivyo utamlipa bila kujua kupitia bei ya gari. Mwombe muuzaji hati ya Japani ya kuruhusu gari kusafirishwa nje. Hati hiyo ina namba ya chesesi na mwaka, na mara nyingi ina kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Kama hati inasema kilometa 140,000 na dashibodi inasema 68,000, huna haja ya kumwita mtu mwongo. Funga daftari, shukuru, ondoka.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kwenda hivi:

“Karibu mama. Hii ni kumi na tisa na nusu.”

“Asante kaka. Gari ni zuri, fundi wetu amelipenda, isipokuwa matairi mawili ya nyuma yamekwisha. Nimepiga hesabu ya gari la mwaka huu, kutoka Japani mpaka linawekwa namba. Nimepata kumi na tano na nusu. Na wewe ni lazima upate kitu. Mimi nakupa kumi na sita na laki tatu.”

“Mama, hiyo haiwezekani! Hata gharama yangu hairudi.”

“Inawezekana wewe umetumia zaidi. Hesabu yangu ni hii hapa, nioneshe ni wapi imepungua.”

Kisha mama ananyamaza. Tunasema ananyamaza kweli, asijaze ukimya kwa maelezo ya watoto wangapi na shule iko mbali kiasi gani. Wengi wetu tumelelewa kuona ukimya kuwa utovu wa adabu, na wauzaji wanalijua hilo. Acha dakika ipite. Muuzaji ama atakuonesha gharama ambayo hukuiweka, na kama ni ya kweli utaiongeza kwenye hesabu yako kwa moyo mweupe, ama atashuka. Akishuka laki tano, wewe panda laki mbili. Akishuka laki tatu, panda laki moja. Hatua zako ziwe fupi kuliko zake, na ziwe zinapungua, ili aone mwenyewe kwamba ukuta uko karibu. Mkifika 17,200,000 mkapeana mikono, mtakuwa mmeokoa 2,300,000 kwenye bei iliyoandikwa kiooni. Ukipiga hesabu ya ada, sare na daftari, utajua mwenyewe hizo ni mihula mingapi kwa shule ya mwanao.

Kuna akina mama wanaoona kujadili bei ni kuponda. Wanaanza: gari gani hili, rangi mbaya, mbona linanuka, kwanza silitaki. Kitabu cha Mithali kinamtaja mnunuzi wa namna hiyo, anayedharau bidhaa mbele ya mwenyewe na kwenda zake akijisifu. Sisi tunaona njia hiyo haifai, na wala haisaidii. Muuzaji ameona maelfu ya watu wakiponda. Anajua kwamba asiyelitaka gari haji mara ya tatu kuliangalia. Sema ukweli wa lililo zuri na ukweli wa lililo bovu. Vivyo hivyo usimdanganye kwamba yadi ya jirani wanakupa kwa kumi na tano kama hujafika huko. Atakwambia kanunue huko, na utabaki huna la kusema.

Kama muuzaji hashuki tena na bado mko juu ya kikomo, ondokeni. Achia namba yako ya simu na kiasi chako cha mwisho kwenye karatasi. Mara nyingine simu hupigwa siku ya tatu, mara nyingine haipigwi. Isipopigwa, umejua kwamba bei yake ilikuwa ya kweli au kwamba kikomo chenu ni kidogo kwa gari lile, na mtatafuta la umri mwingine au injini ndogo zaidi.

Tumefika kwenye mtego ambao unatutia wasiwasi kuliko mingine. Ukionekana umekwama kwenye bei, muuzaji atakwambia, “Mama, bei si tatizo. Toa milioni tisa tu leo, uondoke na gari, hizo nyingine utalipa laki nane kila mwezi.” Laki nane kwa mwezi inasikika kama kitu kinachowezekana, hasa kama nyumbani kuna mishahara miwili. Shika kalamu. Kwa miezi mingapi? Anasema 18. Laki nane mara 18 ni 14,400,000. Ongeza zile 9,000,000, unapata 23,400,000, kwa gari ulilokuwa unalikataa kwa 19,500,000. Ulikuja kupunguza 2,300,000, umeongeza 3,900,000, na umeondoka ukishangilia.

Hatusemi mkopo ni dhambi. Tunasema mazungumzo ya bei ya gari yamalizike kwanza, kwa namba moja nzima, ndipo yaje mazungumzo ya namna ya kulipa. Na kama mnahitaji mkopo, nendeni benki au kwenye chama cha akiba na mikopo kabla ya kwenda yadi, mjue riba yake, ili muweze kulinganisha.

Tena mama, soma unachotia sahihi. Ikiwa mkopo wa gari umewekewa nyumba mnayoishi kuwa dhamana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Ndiyo sababu benki watakuita utie sahihi. Karatasi hiyo haiji kwako kwa adabu tu. Ukitia sahihi, na marejesho yakashindikana, nyumba inaweza kuuzwa kwa ajili ya kitu chenye matairi ambacho thamani yake inapungua kila siku kinapotembea. Una haki ya kuuliza, una haki ya kwenda nayo nyumbani kuisoma, na una haki ya kusema hapana. Tungependa baba wa nyumba naye aisome aya hii.

Jihadhari pia na bei inayofurahisha mno. Bandari yetu hupitisha magari mengi yanayokwenda Zambia, Malawi, Kongo na kwingineko, yale tunayoyaita magari ya IT. Hayo hayajalipiwa kodi ya hapa, kwa sababu hayakukusudiwa kubaki hapa. Mtu akikunong'oneza kwamba analo moja analiuza haraka kwa nusu ya bei, hajakupa punguzo. Amekuachia kodi, na TRA wakilikamata, wewe ndiye utakayekutwa kwenye usukani. Wapo na wale wanaosema, “Bila risiti nakupunguzia.” Risiti ya EFD ndiyo ushahidi wako kwamba ulilipa kiasi hicho kwa mtu huyo. Bila hiyo, siku gari likileta kesi huna la kuonesha. Na kwa mama anayefundisha watoto wake kusema ukweli, sababu ya pili anaijua.

Wachache wenye uwezo hununua gari jipya kabisa kwa wakala rasmi wa kiwanda. Huko bei haina nafasi kubwa kama ya yadi, lakini usiogope kuuliza. Kama hawapunguzi fedha, huenda wakakubali kuongeza huduma za bure za mwanzo, mazulia ya ndani, au kulipia usajili. Uliza dhamana ni ya miaka mingapi au kilometa ngapi, na hufutika kwa sababu gani. Yote waliyoahidi kwa mdomo yaandikwe kwenye hati ya bei kabla hujatoa hata shilingi. Kijana aliyekuahidi huenda mwezi ujao akawa amehamia kampuni nyingine.

Mkishakubaliana, fedha zilipwe kwa benki kwenye akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe, si la mdogo wake wala la dalali. Msibebe mamilioni kwenye mkoba. Linganisheni namba ya chesesi iliyo kwenye gari na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, mmoja akisoma na mwingine akitazama. Mkataba uandikwe, na bei iliyoandikwa iwe ndiyo iliyolipwa.

Kuhusu jina kwenye kadi, lizungumzeni nyumbani mapema, wakati hakuna ugomvi. Sheria ileile ya Ndoa, kifungu cha 60, huanza na dhana kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na iliyo kwa majina ya wawili ni yao kwa usawa. Mama aliyetoa fedha zake za kikundi kununua gari atunze basi stakabadhi zake za benki pamoja na nakala ya mkataba, katika bahasha moja, mahali anapopajua.

Na gari lisitoke getini bila bima. Uliza bei za bima kubwa na bima ndogo kwa kampuni mbili tatu siku moja kabla, maana muuzaji atakuwa na ya kwake tayari mkononi.